Nani analipia barua ya Kakuma? Uzi kuhusu Posta, hasara na historia yake

1. Kila bajeti ikikaribia kusomwa, mjadala wa Posta hurudi mtandaoni umevaa nguo zilezile. Hawa wanasema: "Posta ilikufa zamani, uzeni majumba." Wale wanajibu: "Posta ni mali ya wananchi, iokolewe." Watu wanatupiana maneno siku mbili, kisha kimya hadi bajeti nyingine. Swali moja sijaona likiulizwa: barua ikitoka Mombasa kwenda Kakuma, gharama yake halisi inalipwa na nani? Huu uzi ni wa hilo swali tu. Ni mrefu, chukua chai.

2. Kanuni za hapa unazijua: hatutaji chama, hatutaji mwanasiasa. Serikali karibu zote zilizopita zimegusa hii hadithi, kwa hiyo ukitafuta wa kumtupia lawama utachoka. Mifano yangu mingi itatoka Lodwar na Kakuma. Ukitaka kujua kama huduma ya taifa ni ya taifa kweli, usiikague Nairobi. Ikague mahali ambapo kuifikisha ni ghali.

3. Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha bei moja ya barua kwa nchi nzima. Kabla ya hapo, bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Hoja ya mpango mpya, iliyopigiwa debe na Rowland Hill, ilikuwa rahisi: mtumaji alipe kwanza kwa stempu, na bei isijali umbali. Barua ya mtaa wa pili na ya mwisho wa nchi, bei ileile.

4. Ona kilichofanyika hapo. Aliyetuma karibu alilipa zaidi ya gharama yake, na aliyetuma mbali alilipa pungufu. Mmoja alimbeba mwenzake bila kujua. Huo ndio moyo wa posta zote duniani hadi leo. Mwaka 1874 nchi kadhaa zikakutana Bern, Uswisi, zikaanzisha umoja ambao leo tunauita Umoja wa Posta Duniani, ili barua ivuke mipaka kwa utaratibu mmoja. Kenya ilijiunga mwaka 1964, mara tu baada ya uhuru.

5. Huku kwetu, posta za kwanza za Waingereza zilifunguliwa Mombasa na Lamu mwaka 1890, chini ya kampuni ya Imperial British East Africa. Baadaye zikafuata reli na ofisi za wilaya. Ukichora ramani ya posta za zamani utakuwa umechora ramani ya utawala na biashara ya kikoloni. Posta ilienda alikokuwa karani, afisa, mlowezi na duka. Mfugaji hakuwa kwenye hesabu.

6. Turkana ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu wakoloni waliifanya wilaya iliyofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Ndiyo maana Lokitaung na Lodwar zilitumiwa kuwaficha wafungwa wa kisiasa wa miaka ya 1950: ni mahali ambapo habari ilitoka kwa shida. Lakini ilitoka. Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung, wakilalamikia hali yao gerezani, ilichapishwa London katika gazeti la The Observer. Karatasi moja kutoka jangwani ikaichokoza serikali nzima.

7. Nimeitaja hiyo barua kwa sababu watu husema "barua ni nini siku hizi". Kwa Turkana, uwezo wa kutuma na kupokea kitu bila kumwomba mkubwa ruhusa umekuwa suala la siasa tangu enzi hizo. Sawa, twende kwenye hela.

8. Kwa miaka mingi posta ya Kenya haikuwa ya Kenya peke yake. Ilikuwa ya Afrika Mashariki: Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja, na simu na posta ziliendeshwa na chombo kimoja. Jumuiya ya 1967 ilipogawana makao makuu, reli ilibaki Nairobi, bandari zikaenda Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala. Jumuiya ilivunjika 1977. Kila nchi ikabeba kipande chake, na Kenya ikaunda Shirika la Posta na Simu, lile wazee wetu wanaliita KPTC.

9. Hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Chini ya paa moja kulikuwa na vitu vitatu: barua, simu na huduma za fedha. Simu ilileta hela nyingi, hasa za nje ya nchi na za makampuni. Barua ilikuwa na mtandao wa ofisi hadi mashinani. Faida ya simu iliziba pengo la barua. Hakuna mtu aliyepigia kura hiyo ruzuku, na haikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Ilikuwa mfuko wa kushoto kulisha mfuko wa kulia.

10. Mpango huo ulikuwa na ubaya wake, tusiupambe. Kupata laini ya simu kulikuwa mateso, ungeweza kungoja miaka. Hesabu za ndani zilikuwa giza. Ila ofisi ya Lodwar ilikuwa wazi, na hakuna aliyeuliza kama Lodwar "inajilipia".

11. Kisha nyumba ikaanza kugawanywa. Kipande cha kwanza ni benki. Benki ya akiba ya posta ilikuwepo tangu 1910. Mwaka 1978 ikapewa sheria yake na uongozi wake, ndiyo Postbank ya leo. Iliendelea kutumia kaunta nyingi za posta, lakini hesabu zake zikawa zake.

12. Usidharau hilo. Japani, kwa mfano, posta yao kwa miongo mingi ilisimama kwa sababu ndani yake kulikuwa na benki ya akiba na bima kubwa ajabu. Barua ilikuwa mgeni kwenye nyumba iliyojengwa na akiba za wananchi. Posta isiyo na benki ni biashara nyingine kabisa.

13. Kipande cha pili ni simu. Sheria za 1998 ziliivunja KPTC, na mwaka 1999 zikazaliwa taasisi tatu: Telkom Kenya kwa simu, Shirika la Posta Kenya kwa barua, na tume ya kusimamia sekta, ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Hatukuwa peke yetu. Tanzania ilikuwa imetenganisha posta na simu mwaka 1994, Uganda 1998. Ulikuwa upepo wa miaka hiyo, na wakopeshaji wa kimataifa walikuwa wakiupuliza kwa nguvu.

14. Sababu ya kutenganisha ilikuwa na mantiki. Simu ilihitaji mtaji mkubwa na wawekezaji, na hakuna mwekezaji anayetaka kununua simu halafu akabidhiwe na lori la barua. Tatizo liko kwenye talaka yenyewe. Simu iliondoka na kipato. Posta ilibaki na wajibu: ofisi kila pembe, bei moja kwa wote. Aliyekuwa akilipia wajibu huo amehama nyumba, na hakuna aliyeandika popote nani atalipa badala yake. Ukitoka na kitu kimoja kwenye huu uzi, toka na hilo.

15. Sasa sikia hii. Safaricom ilizaliwa ndani ya familia hiyohiyo. Ilianza kama huduma ya simu za mkononi ndani ya KPTC, ikawa kampuni tanzu ya Telkom, kisha mwaka 2000 Vodafone ya Uingereza ikachukua asilimia 40. Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa. Mwishoni mwa mwaka huohuo, asilimia 51 ya Telkom ikauzwa kwa France Telecom. Kwa hiyo kilichomaliza mani oda ya posta hakikutoka nje. Ni mtoto wa ndugu, aliyekulia nyumba ileile.

16. Kwa waliozaliwa juzi: mani oda ilikuwa hivi. Baba anafanya kazi Nairobi, familia iko Lodwar. Anaenda posta, anajaza fomu, analipa pesa na ada. Karatasi inasafiri. Mama anaenda posta ya Lodwar na kitambulisho, anapanga foleni, na akiwa na bahati kaunta ina pesa taslimu siku hiyo. Ikiwa haina, "rudi kesho". Na kesho kwa mtu aliyetoka Kerio au Lokichar si neno dogo.

17. Kwa hiyo hakuna haja ya kulia machozi ya mani oda. M-Pesa ilishinda kwa haki. Lakini hesabu ni hesabu: ada za kutuma pesa ndizo zilikuwa zinaleta watu kwenye kaunta na kulipa taa. Hicho ni kipande cha tatu kuondoka. Benki, simu, pesa. Posta ikabaki na barua na vifurushi.

18. Halafu barua nazo zikaanza kuhama. Watu wanadhani barua zilizoisha ni za mapenzi. Hapana. Zilizokuwa zinalipa ni za taasisi, zinazotumwa kwa maelfu kwa siku moja: bili za umeme na maji, taarifa za benki, hati za mishahara, barua za kuitwa shule na chuo. Leo bili inakuja kwa ujumbe mfupi, hati ya mshahara iko kwenye tovuti, barua ya chuo unaipakua mwenyewe saiba. Kila taasisi iliokoa hela yake, na ilikuwa sawa kufanya hivyo. Ila jumla yake imeangukia shirika moja.

19. Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Tuseme safari moja ya gari la posta kutoka Kitale hadi Lodwar, karibu kilomita 300, inagharimu Sh20,000: mafuta, dereva, tairi. Likiwa na barua 5,000, kila barua inabeba Sh4. Likiwa na barua 50, kila barua inabeba Sh400. Barabara ni ileile na dereva ni yuleyule. Stempu huwezi kuiuza Sh400. Ndiyo maana posta haipungui hasara polepole kadiri barua zinavyopungua. Hasara inaruka.

20. Sasa zidisha hilo kwa Turkana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, yaani watu kama 14 kwa kila kilomita moja ya mraba. Nairobi ni zaidi ya 6,000. Msimbo wa posta wa Lodwar ni 30500, Kakuma 30501. Kitale ni 30200, Kapenguria 30600. Ukizisoma hizo namba unaiona njia yenyewe: barua yetu ni ya familia ya Bonde la Ufa kaskazini, inapanda kupitia Kitale, Kapenguria, Marich, Kainuk, Lokichar, Lodwar, halafu kilomita kama 120 nyingine hadi Kakuma.

21. Na hiyo barabara ina historia yake. Lami ya Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norway miaka ya 1980. Mwaka 1990 Kenya na Norway wakavunja uhusiano wa kibalozi. Lami ikaachwa jua na mafuriko vimalizane nayo, hadi madereva wakapendelea kupita kando yake kuliko juu yake. Matengenezo makubwa ya Lokichar hadi mpakani, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, yamekuja miaka ya karibuni tu. Ongeza ujambazi wa Kainuk na misafara ya polisi. Gharama zote hizo haziko kwenye bei ya stempu.

22. "Lakini mbona mabasi yanabeba mizigo Lodwar na yanapata faida?" Swali zuri, na ni kweli. Nenda steji asubuhi uone: bahasha, simu zilizotengenezwa, dawa, viatu, hadi vifaranga kwenye boksi. Unaandika jina na namba ya simu, unalipa, jioni mtu anapigiwa. Basi tayari linasafiri kwa nauli za abiria, kwa hiyo mzigo ni nyongeza. Linabeba linachotaka, linaenda linakotaka. Likiona Lokitaung haina abiria, haliendi, na hakuna sheria inayolilazimisha.

23. Posta imefungwa mkono mmoja hapo. Inashindana na basi kwenye njia nzuri, na inabaki peke yake kwenye njia mbaya. Mwenye soko la hiari anachuma maembe yaliyoiva. Mwenye wajibu wa kitaifa anaachiwa mti.

24. Serikali yenyewe imechangia, na hapa nasema serikali kama taasisi, ya jana na ya leo. Mfano wa kwanza: pesa za mayatima na wazee zilipoanza kutolewa, malipo mengi yalipitia kaunta za posta. Baadaye yakahamishiwa mabenki. Huku Turkana, mpango wa kupambana na njaa wa HSNP ulianza kulipa kupitia mawakala wa Equity, wenye maduka, kwa kadi.

25. Tuwe wakweli: kwa mama wa kijijini hilo lilimsaidia. Duka la wakala lilikuwa karibu naye kuliko posta ya mjini. Kama wajibu ni kumfikia mwananchi, wenye maduka walimfikia. Wanaotetea Posta lazima walijibu hilo bila kukunja uso, kwa sababu linaonyesha kuwa huduma kwa wote na jengo la posta ni vitu viwili tofauti.

26. Mfano wa pili: Huduma Centre katika kaunti nyingi ziko ndani ya majengo ya Posta. Wazo ni zuri sana, mwananchi anapata kila kitu mahali pamoja. Lakini kodi ya majengo hayo imekuwa deni, na suala hilo limefika hadi bungeni. Yaani mpangaji ni serikali, mwenye nyumba ni shirika la serikali, na shirika hilohilo linasutwa kwa kupata hasara. Na miaka ya karibuni wafanyakazi wa Posta wamewahi kukaa miezi bila mshahara. Karani asiyelipwa ndiye unayemtaka akimbizane na kifurushi chako?

27. Posta nayo si malaika. Ufuatiliaji wa vifurushi umekuwa dhaifu, saa za kufungua ni za ofisi wakati wateja ni wa soko, na ilichelewa sana kuona kuwa Wakenya wananunua vitu mtandaoni. Ilijaribu: kuna PostaPay ya kutuma pesa, kuna EMS ya vifurushi vya haraka, na kuna MPost, inayogeuza namba yako ya simu kuwa anwani. Hiyo ya mwisho ni akili kweli, hasa kwa nchi isiyo na namba za nyumba. Mfugaji anahama, simu inahama naye. Sanduku la chuma pale Lodwar halihami.

28. Sasa tujibu hoja zinazorudiwa kila mwaka. Hoja ya kwanza: "Uzeni majumba." Posta ina majengo na viwanja vizuri katikati ya miji, na ina ofisi zaidi ya 600. Kuuza kunaleta hela mara moja. Hasara inarudi kila mwaka. Ukiuza jengo la Nairobi lenye wapangaji ili ulipe mishahara ya mwaka huu, umeuza ng'ombe wa maziwa ununue maziwa. Kupangisha na kuendeleza ni jambo jingine, na linafaa kujadiliwa kwa hesabu zilizo wazi.

29. Hoja ya pili: "Kila mtu ana simu, nani anahitaji posta?" Simu inabeba maneno na pesa. Haibebi kitambulisho, cheti cha mtihani, pasipoti, kitabu, dawa, sampuli ya maabara wala kiatu. Yote hayo bado yana uzito na lazima yapite Kainuk.

30. Hoja ya tatu: "Mwachieni mwekezaji." Mwekezaji atachukua Nairobi, Mombasa, Nakuru, Eldoret na Kisumu kesho asubuhi. Kwa Kakuma atakuuliza swali lilelile la mwanzo: nani analipa? Uingereza iliuza hisa za posta yake mwaka 2013 lakini ikamwachia mnunuzi wajibu wa kisheria wa kufikisha barua nchi nzima kwa bei moja. Tangu hapo wamekuwa wakivutana kuhusu gharama ya wajibu huo. Swali linabadilisha mikono tu.

31. Tukae Kakuma kidogo, kwa sababu Kakuma inavuruga picha ya "huko hakuna biashara". Kambi ilianza 1992, walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye ikaongezwa makazi ya Kalobeyei. Leo ni watu karibu 300,000. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia, ilitoa utafiti uliokadiria uchumi wa Kakuma kuwa Sh5.8 bilioni kwa mwaka, ukiwa na maduka na biashara zaidi ya 2,000. Huo ni mji, hata kama kwenye karatasi unaitwa kambi.

32. Na ni mji wenye jamaa kila bara. Watu wa Kakuma wana ndugu Marekani, Kanada, Australia. Pia ni watu ambao kutoka nje ya kambi wanahitaji kibali cha kusafiri. Wewe wa Nairobi kifurushi chako kikikwama unapanda matatu ukakifuate. Mkimbizi hawezi kuamka aende Eldoret kufuata bahasha yake. Kwake, huduma ikiishia Kitale ni kama haipo.

33. Jambo jingine ambalo watu hawalijui: kifurushi cha kawaida kinachotumwa kwa posta ya nchi nyingine kuja Kenya hukabidhiwa Shirika la Posta, kwa sababu ndilo lililoteuliwa na nchi yetu ndani ya Umoja wa Posta Duniani. Kampuni binafsi za kimataifa zipo, ila bei yake si ya mtu wa Kakuma. Na kwa miaka mingi familia zilizopoteana zimetafutana kwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi ya wazi inayobebwa bure. Watu walewale walioanza kutumia Bamba Chakula kwenye simu mwaka 2015 bado wamehitaji karatasi ibebwe na mkono wa mtu.

34. Basi wengine wamefanya nini? Denmark, ambako serikali na wananchi huwasiliana kidijitali karibu kwa kila kitu, posta yao iliacha kusambaza barua mwisho wa 2025, baada ya miaka 400. Vifurushi vinaendelea. Marekani walienda njia nyingine: sheria ya 2006 ililazimisha posta kuweka kando mabilioni kwa ajili ya afya ya wastaafu wa baadaye, hasara zikafura, na mwaka 2022 wakaliondoa sharti hilo. Funzo la Denmark ni kwamba unaweza kufunga barua ukishahakikisha kila mtu ana mbadala. Funzo la Marekani ni kwamba kabla ya kusema "wanapata hasara", angalia nani aliandika hesabu.

35. Kwetu, kitu cha ajabu ni kuwa tayari tumekubali kanuni hii kwenye mambo mengine. Kampuni za mawasiliano zinachangia hadi asilimia 0.5 ya mapato yao kwenye Hazina ya Huduma kwa Wote, na fedha hizo zimejenga minara ya simu kaskazini, mahali ambapo hakuna kampuni ingejenga kwa hiari. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 204, imetenga asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwenye Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, Turkana ikiwemo.

36. Mnara wa simu unapojengwa kijijini hakuna anayesema "mnara wa Turkana unapata hasara". Tunasema nchi imelipia mawasiliano. Ofisi ya posta ikiwa wazi Kakuma tunasema "shirika linapoteza pesa". Kazi ni moja, majina mawili. Jina la pili ndilo linalotumika kufunga.

37. Msimamo wangu, na unaruhusiwa kuupinga: wajibu wa kitaifa uandikwe kama mkataba. Serikali iseme inanunua nini kwa Posta. Kwa mfano: mahali pa kutuma na kupokea Kakuma, siku kadhaa kwa wiki, bei moja na Nairobi. Iseme inalipa kiasi gani kwa hilo, ilipe kwa wakati, na takwimu zichapishwe kwa kila ofisi. Vitu vingine vyote, vifurushi vya mijini, kodi za majengo, uwakala, Posta ishindane kama wengine. Ikishindwa huko, tujue imeshindwa yenyewe.

38. Na jengo si lazima. Kama duka la Kalobeyei linaweza kuwa wakala wa benki, linaweza kuwa wakala wa posta. Basi la Kitale linaweza kulipwa kubeba mfuko wa barua uliofungwa lakiri. Wa kwanza kupinga watakuwa wale waliozoea hasara isiyo na anwani, kwa sababu hasara ikiwa moja kubwa ya shirika zima, huwezi kujua ipi ni ya kuhudumia Kakuma na ipi ni ya uzembe au wizi. Ukiitenganisha, kila moja inaonekana uso.

39. Kwa hiyo mtu akija kwenye baraza, redioni au hapa mtandaoni akasema "tutafufua Posta" au "tutauza Posta", mwulize manne tu. Moja: wajibu wa kufika kila kaunti unaubakiza au unaufuta? Mbili: ukiubakiza, unagharimu shilingi ngapi kwa mwaka na zinatoka mfuko gani? Tatu: taasisi za serikali zinazodaiwa na Posta zitalipa lini? Nne: ukifuta, mtu wa 30501 atapokea kitambulisho na vifurushi vyake vipi?

40. Akijibu la kwanza akaruka la pili, hajakujibu. Mwaka 1999 ndivyo ilivyokuwa: wajibu ulibaki, mlipaji hakutajwa. Tumeishi na jibu hilo la nusu zaidi ya miaka 25, na bili imekuwa ikilipwa kwa mishahara iliyochelewa, kaunta zilizofungwa, na watu wa Turkana kulipa konda wa basi kwa kitu ambacho mtu wa Nairobi anakipata kwa bei ya stempu.